Ukucha wa mbwa wenye usaha: acheni kufunga mguu kwa mpira

Wafugaji wa Goma, leo ninaandika juu ya kufunga. Mbwa mdogo anavunja ukucha kwenye mawe ya lava, kidole kinavimba, usaha unatoka pembeni mwa ukucha. Mwenye mbwa anauzungushia mguu kitambaa, halafu anakaza juu yake ukanda wa mpira wa ndani wa pikipiki, ule ule unaofungia mizigo kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Anauacha siku nne, tano, mpaka kitambaa kianguke chenyewe. Mbwa anapofika kwetu, ukucha si shida tena. Tunafungua na kukuta vidole vya baridi, vyeusi, vinavyonuka, na ngozi chini ya mpira imekatika mzunguko mzima hadi kwenye nyama. Hapo kinachobaki ni kukata kidole, na mara nyingine mguu. Kwa sababu ya ukucha mmoja!

Mpira haukai ulivyoufunga. Mguu unaendelea kuvimba, mpira nao unaendelea kubana. Damu inayorudi juu ndiyo inayozibwa kwanza, kwa sababu mishipa yake ni laini. Ile inayoshuka bado inaingia, kwa hiyo mguu unavimba zaidi, mpaka nayo izuiwe. Mbwa wa kilo nne au tano, mguu wake ni mwembamba kama kidole gumba cha mtu mzima. Hauvumilii mambo hayo hata siku moja. Tena mbwa hutoka jasho kwenye nyayo. Ukifunika wayo kwa siku kadhaa, ndani panakuwa na unyevu na joto, na vidudu vya usaha havihitaji zaidi ya hapo. Usaha unataka kutoka. Wewe umeufungia mlango.

Basi ukucha wenye usaha uachwe wazi, uoshwe, ukaushwe.

Kabla ya kumshika, mfunge mdomo kwa ukanda wa kitambaa laini, hata kama ni mbwa wa watoto na hajawahi kuuma. Maumivu humgeuza mnyama yeyote. Akishakuuma, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba.

Chukua nusu lita ya maji. Kama yametoka ziwani, yachemshe kwanza, kisha yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Jaribu kwa kiwiko, si kwa kiganja kilichozoea sufuria. Tia chumvi ya jikoni kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu. Kijiko cha chai, mama, si kijiko cha supu! Wapo wanaotia konzi nzima wakiamini chumvi nyingi huponya haraka. Chumvi nyingi inachoma nyama iliyo wazi, mbwa anapiga kelele, na kesho hakubali tena kushikwa. Javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo, na mafuta ya injini msivitaje hata kidogo.

Tumbukiza mguu mpaka maji yapite juu ya makucha, dakika 5 ukitazama saa, asubuhi na jioni. Usimwache ayanywe. Kisha kausha kwa kitambaa safi, na hapa ndipo wengi wanapoharakisha: pitisha ncha ya kitambaa katikati ya kila kidole, mbele na chini, mpaka kitambaa kitoke kikavu. Ukiwa na Betadine ya vidonda, changanya kijiko kimoja cha chai na vijiko kumi vya maji yaliyochemshwa. Rangi iwe ya chai nyepesi isiyo na maziwa. Paka kuzunguka ukucha, mshike dakika kumi ikauke kabla hajalamba.

Unapoosha, tazama vizuri: doa jeusi katikati ya uvimbe mweupe ni funza, hasa kwa mbwa anayelala vumbini pamoja na kuku au nguruwe. Usipomtoa mzima kwa sindano iliyochemshwa, utaosha mwezi mzima bila faida.

Kulamba kuzuieni kwa kola ya katoni ngumu shingoni, ikiacha nafasi ya vidole viwili.

Kufunga kunaruhusiwa pale tu ukucha unapotoka damu. Kwanza bonyeza kwa kitambaa safi dakika 5 hadi 10 bila kuchungulia. Kisha weka pamba kidogo kati ya vidole, kompresi (kipande cha shashi safi) juu ya jeraha, na bendeji ya kawaida kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Kucha mbili za katikati zibaki zinaonekana. Kidole chako kiweze kuingia chini ya bendeji bila kulazimisha. Zitazame kucha hizo asubuhi, mchana na jioni: zikitanuka na kuachana, vidole vikivimba au vikiwa baridi, fungua saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ifungue kila baada ya saa 24. Ikilowa mvua, na Goma mvua haikosi, ifungue bila kungoja. Mpira, kamba ya nailoni, nyuzi: hapana, hapana, hapana.

Dawa za maumivu za watu, ibuprofeni, diklofenaki na parasetamoli, msimpe. Ibuprofeni na diklofenaki humtoboa tumbo na kuharibu figo, na mbwa mdogo anazidiwa haraka.

Akianza kukanyaga na kidole kikinywea, mnaenda vizuri.

Mleteni kwa daktari wa mifugo ikiwa siku mbili za kuosha hazijaleta nafuu, kama hali chakula, kama ukucha unacheza, au kama uvimbe unapanda juu ya kidole. Ukucha unaocheza msiung'oe nyumbani. Mzizi wake umeshikamana na mfupa. Ukiandikiwa vidonge vya siku saba, vipe vyote saba. Na kama makucha ya miguu miwili au mitatu yanaoza pamoja, au kidole kimoja cha mbwa mzee hakinywei baada ya wiki mbili, hiyo si ajali ya jiwe. Kunaweza kuwa na ugonjwa wa mwili mzima au uvimbe mbaya kwenye mfupa, na huo hautibiwi kwa chumvi.