Kabla ya kufungua sura ya asidi na besi: mambo ya kuzingatia

Kwa mwanafunzi wa Lubumbashi anayejiandaa kwa Mtihani wa Serikali, jambo la kwanza la kuweka sawa ni neno la lugha yetu wenyewe, nalo ni "kali". Asidi ya betri tunaiita kali, siki tunaiita kali, hata pilipili. Kumbe katika kemia neno hilo hufunika mambo mawili yasiyofanana. Nguvu ya asidi hutegemea sehemu ya molekuli zake zinazoachia protoni (ioni ya hidrojeni, H⁺) ndani ya maji, ilhali ukolezi ni wingi wa asidi iliyotiwa katika kila lita. Asidi hidrokloriki ya moli 0,1 kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa molekuli) huachia protoni zote, na pH yake, yaani kipimo cha logariti kinachoshuka kadiri protoni zinavyozidi, ni 1. Asidi asetiki, ile ya siki, ikiwa na ukolezi uleule huachia takriban protoni 1 kwa kila molekuli 100, na pH yake huwa karibu 2,9. Hata hivyo, mililita 10 za kila moja huhitaji mililita 10 za soda kostiki (besi iitwayo hidroksidi ya sodiamu) ya ukolezi huohuo ili zigeuke chumvi na maji, kwa sababu kila protoni inayochukuliwa na besi huifanya asidi dhaifu iachie nyingine, mpaka akiba iishe. Asiyeweza kueleza hilo kwa maneno yake asikimbilie kukokotoa.

Logariti zirudiwe mapema: kushuka kwa pH kutoka 4 hadi 3 ni kuongezeka kwa protoni mara 10. Kikokotoo nacho hudanganya. Ukikipa asidi hidrokloriki ya moli 10⁻⁸ kwa lita kitakujibu pH 8, kana kwamba tone la asidi linaweza kugeuza maji kuwa besi. Jibu sahihi ni karibu 6,98, maana maji yenyewe huchangia ioni zake.

Fasili ya Arrhenius, isemayo kwamba asidi huachia H⁺ majini na besi huachia OH⁻, haitoshi. Ile ya Brønsted na Lowry ya mwaka 1923, kwamba asidi hutoa protoni na besi huipokea, ndiyo inayoeleza kwa nini bikaboneti tunayotia katika dongodongo (mboga ya bamia) huweza kupokea protoni na pia kuitoa. Ndiyo pia inayoeleza kinachotokea kwa malakiti, jiwe la kijani tunalolijua sana hapa: kaboneti iliyomo ni besi, hivyo asidi salfuriki hulitoa povu la kaboni dioksidi na kuiacha shaba ndani ya mmumunyo wa buluu.

Ikumbukwe vilevile kwamba 7 ni pH ya maji yasiyoegemea upande wowote kwenye nyuzi 25 za Selsiasi tu. Kwenye nyuzi 60 ni karibu 6,5.

Kabla ya kuingia maabara, kiashiria, yaani rangi inayoonyesha asidi imekwisha, kichaguliwe kwa kufikiri. Asidi ya siki ikimalizwa yote kwa soda kostiki, pH hufika karibu 8,7. Fenolftalini, inayobadilika kati ya 8,2 na 10, hufaa, ila metili ya chungwa, ya 3,1 hadi 4,4, itabadilika mapema mno. Bureti, mrija wenye vipimo unaodondosha soda kostiki, ifungwe mara rangi hafifu ya waridi inapodumu nusu dakika baada ya kutikisa chupa, na kipimo kisomwe papo hapo. Usishtuke rangi ikififia baadaye, wala usiongeze tone: ni kaboni dioksidi ya hewani inayoyeyuka humo na kuleta asidi yake.