Senti za shaba za Marekani: anza na rangi

Jamani kama unanunua zile senti kubwa za Marekani za 1793 mpaka 1857, zile za shaba tupu, usikimbilie kuangalia nywele za yule mama wa Uhuru aliyechorwa juu yake zimelika kiasi gani. Anza na rangi. Ishike kwa ukingo, igeuzegeuze taratibu chini ya taa moja, lenzi mkononi, shaba ambayo haijachezewa miaka yote hiyo inakuwa kahawia laini kama chokoleti, sasa ukikuta ya pinki au inang'aa sawasawa kila mahali hadi pale ilipochakaa ujue imesuguliwa, maana sehemu iliyolika haiwezi kubaki na mng'ao wa kiwandani. Vitundu vidogovidogo mara nyingi ni kazi ya udongo. Wazoefu wa shaba wanapima kwanza ukali wa picha kwa skeli ya Sheldon, yaani alama za ubora wa sarafu kuanzia 1 iliyochakaa sana mpaka 70 isiyo na kasoro, halafu wanakata pointi kwa kasoro, ndo unakuta senti yenye picha ya 30 inaishia 15. Mimi bora 12 laini kuliko 30 ya vitundu. Na usiisafishe tafadhali, hata kwa ndimu!