Jinsi ya Kufuatilia Asili ya Kigango Kilichomo Katika Makumbusho ya Ng'ambo

Anayetaka kujua kigango (nguzo ya mbao iliyochongwa kumkumbuka marehemu) cha Wamijikenda wa pwani ya Kenya kilivyofika katika makumbusho ya Marekani au Ulaya aanze kwa kuomba nakala ya jalada lake lote: namba ya usajili, tarehe ya kupokewa, jina la aliyekitoa, barua zilizoambatana nacho na risiti ya mauzo kama ipo. Maelezo ya mtandaoni hayatoshi, kwani aghalabu hutaja nchi na aina ya mti, basi.

Jalada lisomwe kwa kurudi nyuma, mmiliki mmoja baada ya mwingine. Vigango 30 vilivyotolewa kwa makumbusho ya Denver, Marekani, mwaka 1990, kwa mfano, vilitoka kwa watu wa filamu. Nyuma ya wafadhili wa namna hiyo huwapo dalali wa sanaa, na nyuma ya dalali karatasi hunyamaza. Pengo hilo ndilo la kuchunguzwa kuliko yote. Hati ya forodha huonyesha tu kwamba kitu kilitoka nchini, wala haithibitishi kwamba wenyewe waliridhia. Kigango husimikwa kwa ajili ya mwanachama aliyefariki wa Gohu, chama cha heshima cha wazee, na kwa desturi huachwa mahali pake hata ukoo ukihama. Kwa hiyo anayedai kwamba kilikuwa kimetelekezwa asiaminiwe upesi.

Kisha omba picha za mbele, nyuma na kitako. Angalia umbo la kichwa, mpangilio wa pembetatu zilizochongwa, nyufa, na sehemu ya chini iliyokuwa imefukiwa ardhini, kwa maana nyufa za mti mkavu hazifanani kati ya kigango na kigango. Alama hizo zilinganishwe na picha za zamani za watafiti. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama (Wagiriama ni mojawapo ya jamii za Wamijikenda) akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake, ambavyo baadaye viliibwa. Mwaka 1999 Udvardy alikiona kimoja katika slaidi za mkutano wa wataalamu, kikiwa katika mkusanyiko wa Illinois, na cha pili kikapatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Bila picha ile, dai la familia lingebaki neno la mdomo dhidi ya karatasi.

Picha zipelekwe kijijini kwa heshima, kwa kupitia wazee wa kaya (makazi matakatifu ya asili ya Wamijikenda), na wanafamilia waulizwe kila mmoja peke yake: kilisimikwa kwa ajili ya nani, kiliibwa lini, na nani aliarifiwa. Majibu yaandikwe siku hiyohiyo, pamoja na jina la msemaji na uhusiano wake na marehemu, iwapo ameridhia.

Dai lenyewe lipitie Makumbusho ya Taifa ya Kenya, likitaja familia au kaya itakayopokea. Kabla ya kusafirisha, msamaha wa ushuru uombwe kwa maandishi na pawe na makubaliano kuhusu ulinzi wa mahali kitakaposimikwa, kwani wezi wa vigango bado wana soko.