Somo: Kuotesha dughulushi (ua la Usambara) kwa jani moja, na kwa nini lako linaoza

Naandika somo hili mara moja ili kuanzia sasa niwe naelekeza watu hapa. Wiki hii pekee nimeulizwa mara sita swali lile lile: "Ua langu la Usambara limelegea, niliongezee maji?" Hapana, usiliongezee. Sababu iko hatua ya 5. Tafadhali someni mpaka mwisho ndipo muulize.

Kwanza ujue unachokifuga. Ua hili lenye majani ya manyoya manyoya na maua ya zambarau yenye vifuko viwili vya njano katikati, linalopamba madirisha ya dunia nzima, ni la kwetu. Kwao ni misitu ya Tanzania na Kenya: Usambara, Nguru, Uluguru, milima ya Taita na vipande vichache vya msitu wa pwani. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka ua hili kwa baba yake huko Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa Hannover akalipa jina Saintpaulia ionantha. Ndiyo maana kwenye vitabu linaitwa kwa jina la mkoloni. Mimi naliita dughulushi.

Ukilikuta msituni, utalikuta mwambani. Halikai kwenye tope la kijito wala kwenye udongo mzito wa bondeni. Limejibana kwenye ufa wa jiwe, kivulini, mizizi yake mifupi imeshikilia majani yaliyooza yasiyozidi kiganja kimoja. Mvua ikinyesha maji yanapita, hayatuami. Hewa ina unyevu, lakini miguu ya mmea haisimami majini. Ukilishika hilo, hatua zote hizi utazielewa bila kukariri.

Hatua ya 1: Pata jani. Mwombe mwenye nalo, au nunua mmea kitaluni. Chagua jani la safu ya katikati. La chini kabisa limezeeka, la moyoni bado changa.

Hatua ya 2: Kata. Wembe safi, mkato wa mshazari, kikonyo kibaki kama sentimita 3.

Hatua ya 3: Andaa udongo. Mboji iliyooza vizuri na kuchekechwa, sehemu 2. Mchanga wa mtoni wenye chenga, sehemu 1. Vumbi la makumbi ya nazi au mkaa uliopondwa, sehemu 1. Mchanga wa baharini una chumvi, usiutie. Udongo ukiwa na unyevu kidogo, uweke kwenye sufuria kuukuu, funika, uache kwenye moto mdogo nusu saa tangu mvuke uanze kutoka. Watu wengi wanairuka hii kisha wanalalamika minyoo fundo imekula mizizi.

Hatua ya 4: Panda. Udongo utie kwenye kopo lenye matundu. Chomeka kikonyo sentimita moja na nusu tu ndani ya udongo, jani lenyewe liegemee nyuma. Funika kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, kifuniko chake kikiwa kimeondolewa ili hewa ipite. Weka penye mwanga lakini pasipo jua. Chupa ikipigwa na jua, ndani jani linachemka.

Hatua ya 5: Maji. Hapa soma taratibu.

Mara yangu ya kwanza nilipanda majani 12. Niliyapenda sana, nikayamwagilia asubuhi na jioni kama tuta la mchicha. Wiki ya pili yakaanza kulegea. Nikaona yana kiu, nikazidisha. Siku niliyovuta moja kuangalia mizizi, kikonyo kilibaki vidoleni mwangu, rangi ya kahawia, laini kama ndizi iliyopitiliza, kinanuka. Nikavuta la pili, hivyo hivyo. Yote 12 yalikufa, na niliyaua mwenyewe kwa maji.

Elewa kinachotokea. Udongo ukijaa maji, hewa inakosa pa kukaa, mizizi inaoza. Mzizi uliooza hauvuti maji. Kwa hiyo jani linalegea kama lenye kiu, ilhali miguuni kuna mafuriko. Anayetazama majani tu anaongeza maji na kuumaliza mmea. Usitazame majani, gusa udongo.

Mambo ya kushika hapa:

– Chomeka kidole. Juu pakiwa pakavu, mwagilia. Pakiwa pabichi, ondoka.
– Mwagilia kutokea chini: kopo lenye matundu liweke kwenye kisahani cha maji dakika 20 hadi 30, kisha mwaga yaliyobaki. Usiliache likae humo kutwa.
– Maji yasiwe baridi. Yakiligusa jani lenye joto, seli zilizobeba rangi ya kijani zinaharibika, na jani linabaki na madoa ya duara meupe au ya njano. Madoa hayo hayafutiki wala si ugonjwa, kwa hiyo usilipulizie dawa.
– Maji yasilale kwenye moyo wa mmea. Moyo ukioza hakuna cha kuokoa pale katikati.
– Walioko pwani wenye visima vya maji ya chumvi: kinga maji ya mvua. Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa kopo, ndiyo chumvi hiyo, na vikonyo vinavyougusa vitaungua.

Hatua ya 6: Subiri. Mizizi hutoka baada ya wiki 3 hadi 4. Vitoto huchungulia udongoni baada ya miezi miwili, mara nyingine mitatu. Usifukue kuangalia.

Hatua ya 7: Tenganisha. Kitoto kikifika majani manne au matano yenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba, kitoe taratibu na mizizi yake, kila kimoja kopo lake.

Hatua ya 8: Kopo dogo. Upana wa kopo uwe theluthi ya upana wa mmea. Mmea wenye sentimita 24 kutoka ncha ya jani hadi ncha ya jani unatosha kopo la sentimita 8. Kopo kubwa ni udongo mwingi usio na mizizi, udongo huo haukauki, na unarudi kwenye hatua ya 5. Kumbuka ufa wa mwamba.

Hatua ya 9: Mwanga na joto. Dirisha la mashariki linafaa. Joto la nyuzi 18 hadi 27 ndilo lake. Wa nyanda za baridi, usiku liondoeni dirishani.

Hatua ya 10: Mbolea. Ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa, kila wiki mbili. Urea usiiguse, wala samadi mbichi.

MASWALI

mama_zai: Asante kwa somo. La kwangu lina majani mazuri, ya kijani kibichi, lakini huu mwaka wa pili halijatoa hata ua moja.

Jibu: Mama Zai, vikonyo vya majani ni virefu na vimesimama kama vinatafuta kitu? Kama ndivyo, linataka mwanga. Kivuli cha msituni si giza, kuna mwanga mwingi unaochujwa na miti. Lisogeze karibu na dirisha, jua la asubuhi la saa moja hadi saa tatu halitalidhuru. Na kama unatia mbolea ya kukuzia majani, acha. Lipe wiki 8 hivi.

kijana_mjini: Langu limelegea nifanyeje

Jibu: Hatua ya 5.

kijana_mjini: Mkuu nina haraka, ni maji au si maji?

Jibu: Nimeandika aya nzima kwa ajili ya swali hili hili. Gusa udongo, uje useme ni mkavu au mbichi.

kijana_mjini: Mbichi. Tena chini kwenye kisahani kuna maji.

Jibu: Basi mizizi imeanza kuoza. Mwaga hayo maji. Utoe mmea, kata sehemu zote za kahawia hadi ufike penye kijani kigumu. Pasipobaki kitu, chukua majani mawili yaliyo mazima bado, rudi hatua ya 2. Ua zima linaweza kurudi kutoka kwa jani moja, usikate tamaa.

bonde_la_zigi: Mnajisumbua na majani ya nini? Milimani yako tele, mtu anang'oa tu.

Jibu: Hayako tele. Unaona mengi kwenye mwamba mmoja, ukivuka kilima hukuti hata moja. Ziko aina zinazoishi sehemu chache mno, na msitu unaozitia kivuli ukikatwa nazo zinakauka. Ndani ya hifadhi ya msitu, kama ile ya Amani huko Usambara, kung'oa mmea bila kibali ni kosa. Na ule uliobanduliwa mwambani umeacha nusu ya mizizi yake kwenye ufa, mara nyingi unakufia njiani. Jani la jirani linaota vizuri zaidi. Kwenye somo langu sitaruhusu ushauri wa kung'oa.

bonde_la_zigi: Nilisema tu.

msichana_wa_muheza: Shikamoo. Nina swali ambalo si la maji. Nimelitazama ua kwa karibu, katikati kuna kijiti chembamba. Ua moja kimeinamia kushoto, ua la jirani yake kulia. Limeharibika?

Jibu: Marahaba binti, na hongera, umeona kitu ambacho wengi wanafuga miaka bila kukiona. Halijaharibika. Kijiti hicho ndicho kinachopokea chavua. Nyuki akitua kwenye ua lililoinamia upande mmoja, chavua inamshika upande ule ambao ua la upande wa pili litaigusa. Na vile vifuko vya njano havimwagi chavua ovyo. Nyuki anavishika, anatetemesha mwili kwa mvumo, ndipo unga unatoka. Dirishani hakuna nyuki, ndiyo maana la ndani halishiki mbegu lenyewe.

Ukitaka kujaribu, pasua kifuko kwa ncha ya sindano, chota unga wa njano, gusisha kwenye ncha ya kijiti cha ua la mmea mwingine. Ikishika, kitatokea kitumba kitakachokaa miezi kadhaa kabla ya kukauka. Mbegu ni laini kama vumbi. Zinyunyize juu ya udongo, usizifukie, zinataka mwanga ili ziote. Kila mche unaweza kutoa rangi yake.

msichana_wa_muheza: Nitajaribu. Na mbona kuna mahali limeandikwa Streptocarpus?

Jibu: Ndilo jina lake la kitaalamu sasa. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba Saintpaulia ni tawi ndani ya ukoo wa Streptocarpus, na mwaka 2015 zikahamishiwa huko. Wafugaji wengi bado wanatumia la zamani.

fundi_bustani: Mimi nilipewa jani la ua lenye mistari, kila petali nyeupe na mstari wa bluu katikati kama tairi la gari. Vitoto vyote vimetoa bluu tupu. Nilidanganywa?

Jibu: Hukudanganywa. Ua la namna hiyo limejengwa na tishu za aina mbili zilizokaa pamoja mwilini mwake. Kitoto cha jani huanzia kwenye seli chache tu, mpangilio ule unapotea. Mistari unaipata kwa kuotesha machipukizi yanayotokea ubavuni mwa mmea mama, au kikonyo cha ua. Mwombe aliyekupa akupe chipukizi. Kwa dughulushi za kawaida machipukizi hayo yang'olewe mapema, yanabana mama na maua yanapungua.

fundi_bustani: Asante sana. Na vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani?

Jibu: Vidung'ata. Kijiti chenye pamba, kichovye kwenye spiriti, mguse mmoja mmoja, rudia kila baada ya siku 5. Mmea huo utenge na wenzake.

mama_zai: Paka amelitafuna jani moja! Ni sumu?

Jibu: Si sumu kwa paka wala kwa mbwa. Lihurumie jani.

mama_zai: Nasafiri wiki mbili, nani atalimwagilia?

Jibu: Weka utambi. Pitisha uzi kwenye tundu la chini la kopo, nusu iwe ndani ya udongo, ncha ya pili itumbukie kwenye chombo cha maji kilicho chini. Kopo likae juu ya kifuniko cha chombo, lisiguse maji. Loanisha utambi kabla hujaanza, la sivyo hauvuti. Udongo uwe mwepesi kama wa hatua ya 3, maana udongo mzito utavuta hadi uwe tope.

mama_zai: Uzi wa pamba unafaa?

Jibu: Unaoza ndani ya udongo. Tumia wa nailoni, hata ule wa kufumia mikoba.