Namna ya Kuipima Kazi Yako ya Ofisini Kabla Mwajiri Hajaipima kwa Akili Unde

Mwongozo huu unawahusu karani, katibu muhtasi, mhasibu msaidizi na ofisa nyaraka wanaofanya kazi katika ofisi za mjini Tanga, iwe ni uwakala wa forodha ulio jirani na bandari, kampuni ya mkonge, saccos au ofisi ya wakili. Mifano mingi nimeichota katika uwakala wa forodha kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua kwa ndani, lakini njia yenyewe inafaa popote palipo na meza, kompyuta na mtu anayelipwa kwa kusoma karatasi moja ili aandike nyingine.

Watu wengi huanza kwa kuuliza kama kazi yao itachukuliwa au haitachukuliwa, na swali hilo haliwafikishi mbali, kwa kuwa programu za akili unde (AI), zile zinazosoma na kuandika zenyewe, hazichukui vyeo. Huchukua shughuli moja moja, mpaka siku moja cheo kinabaki na kazi ya saa mbili kwa siku. Shirika la Kazi Duniani lilipoupima mwelekeo huu katika ripoti yake ya Agosti 2023 lilizihesabu shughuli zilizomo ndani ya kazi, na likaona kuwa asilimia 24 ya shughuli za ukarani zinaweza kufanywa na akili unde kwa kiwango kikubwa, na asilimia 58 nyingine kwa kiwango cha kati. Hakuna kundi jingine la kazi lililokaribia hapo. Ripoti hiyo ilieleza pia kuwa wanawake wataguswa zaidi kwa sababu ndio waliojaa katika kazi za ukarani, jambo ambalo mtu yeyote aliyepita katika ofisi zetu hahitaji kuthibitishiwa.

Kwa hapa Tanga lipo jambo la kuongeza. Bandari imechimbwa, kina cha maji kimetoka mita 3 hadi mita 13, na meli ambazo zamani zilisimama mbali zikapakuliwa kwa matishari sasa zinafunga gatini. Mizigo ikiongezeka, nyaraka zinaongezeka, na hesabu ya kawaida ingetuambia kwamba makarani nao wataongezeka. Mimi sidhani. Ninachokitarajia ni ofisi kuhudumia mizigo mingi zaidi kwa watu walewale, kisha anayestaafu au anayehama asijazwe nafasi yake. Kazi ikipotea kwa namna hiyo hakuna anayepewa barua wala anayeaga, kwa hiyo hakuna anayeshtuka, na ndiyo maana ni vyema kila mtu ajipimie mwenyewe mapema.

Anza kwa daftari la kawaida la kurasa thelathini na mbili. Kwa muda wa wiki mbili za kazi, andika kila unachokifanya na muda uliokitumia, ukiwa na uangalifu wa kuandika shughuli yenyewe badala ya jina la jumla. “Nimeshughulikia kontena la mteja” si shughuli, ni rundo la shughuli. Ndani yake mna kupokea ankara iliyotumwa kwa WhatsApp, kuisoma, kuhamishia maelezo ya bidhaa kwenye mfumo wa forodha, kuilinganisha na hati ya shehena, kutafuta msimbo wa bidhaa katika kitabu cha ushuru, kumpigia mteja kumuuliza kama vitambaa vyake ni vya pamba tupu au vimechanganywa, kumweleza kwa nini namba ya malipo imekuja na kiasi kikubwa kuliko alichotegemea, na kwenda bandarini kusimama wakati kontena linapofunguliwa kukaguliwa. Nimeona wenzangu wakijaza daftari hili kwa yale ya kwenye kompyuta tu, wakiacha simu, maelezo ya mdomo na safari za bandarini kana kwamba huo ni muda uliopotea. Yaandike yote, hata ya dakika tano, maana baadaye hayo ndiyo yatakayokutetea.

Wiki mbili zikiisha, pitia kila mstari ukiuuliza maswali matatu. Je, shughuli hii inaanza na maandishi yaliyopo tayari, kwenye karatasi au kwenye skrini? Je, inaishia katika maandishi mengine? Na ikikosewa, nani anaitwa kujieleza? Shughuli yenye jibu la ndiyo katika maswali mawili ya kwanza, na ambayo kosa lake humrudia mtu mwingine, ihesabu kuwa imekwishaondoka hata kama leo bado unaifanya: kunakili ankara, kuandaa barua ya kawaida ya kumjulisha mteja, kufupisha kumbukumbu za kikao, kupanga risiti za EFD (mashine za risiti za kodi) za mwezi kwenye jedwali. Shughuli ambayo kosa lake linakuja kugonga mlango wako wewe, kwa jina lako na sahihi yako, ndiyo unayopaswa kuijenga. Swali la tatu ni zito kuliko mawili ya kwanza yakiwekwa pamoja.

Usiamini jibu lako mpaka umejaribu mashine yenyewe, lakini kabla ya kujaribu kuna tahadhari ya kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamwajibisha anayekusanya na kuchakata taarifa za watu, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Ukiibandika ankara ya mteja yenye jina, TIN na namba ya simu katika programu ya bure kama ChatGPT au Gemini, umezipeleka taarifa hizo kwenye kompyuta zilizo nje ya Tanzania bila ya ruhusa ya mwenyewe wala ya mwajiri wako. Kwa majaribio, tengeneza ankara ya kubuni, au chukua ya zamani na ufute kila kinachomtambulisha mtu.

Tuseme umetengeneza ankara ya marobota 80 ya katani, kila robota kilo 250, ya tarehe 03/04/2025, ikiwa na uzito wa kilo 20,000 bila vifungashio na kilo 20,320 pamoja na vifungashio. Ichape, igonge muhuri wowote ulio nao ili wino uangukie tarakimu moja ya bei, kisha ipige picha kwa simu katika mwanga hafifu kama wateja wetu wanavyozipiga. Iombe programu ikupangie jedwali. Itamaliza kabla hujafika kwenye birika la chai, na mara nyingi jedwali litakuwa zuri kuliko la kwako. Sasa likague mstari kwa mstari. Angalia kama tarehe imesomwa kuwa ya tatu Aprili, au ya nne Machi kama Wamarekani wanavyoandika. Angalia kama uzito wa aina moja umekaa mahali pa mwingine. Zaidi ya yote, tazama ile tarakimu iliyofunikwa na wino. Karani mwenye akili timamu atasema hapa hapasomeki, ampigie mteja. Programu nyingi zitajaza tarakimu inayoelekea kufaa na kuendelea, bila alama yoyote ya kuonyesha kwamba zimekisia. Rudia jaribio kwa ankara kadhaa na uandike makosa uliyoyaona na mahali yalipojificha. Orodha hiyo ni mali yako; hakuna chuo kinachoifundisha, kwa kuwa imetokana na nyaraka za ofisi yako.

Jaribio la pili liwe la uamuzi. Ieleze mashine bidhaa fulani, kisha uiombe msimbo wake wa ushuru. Itakujibu kwa sauti ya mtu aliyekaa forodhani miaka ishirini, na huenda ikapatia au ikakosea bila sauti hiyo kubadilika. Viwango vikuu vya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na 35. Kontena lenye thamani ya shilingi milioni 40, pamoja na nauli na bima, likiwekwa kwenye asilimia 10 badala ya 25, ushuru unapungua kwa shilingi milioni 6. Na kwa kuwa VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya thamani iliyojumlishwa na ushuru, pengo linafika shilingi 7,080,000 kabla hujagusa tozo nyingine. Forodha ikiligundua hilo miezi kadhaa baadaye, haitaiandikia barua programu. Itamwandikia wakala na mwenye mzigo, pamoja na adhabu. Mawakili wawili wa New York walijifunza jambo hilohilo Juni 2023, pale hakimu alipowatoza wao na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani hukumu ambazo ChatGPT ilikuwa imezitunga.

Hapo ndipo pa kuhamia: katika kuthibitisha, kuamua na kubeba dhamana. Wanaosema kila karani ajifunze kuandika programu za kompyuta wanawasumbua watu bure. Ofisi ya wakala wa forodha hapa Tanga haihitaji mhandisi, inahitaji mtu anayeweza kuitazama kazi ya mashine na kusema hapa imedanganya, na akasaini chini ya maneno yake. Ili sahihi hiyo iwe na uzito, ni lazima iwe na cheti nyuma yake. Aliye katika uwakala atafute cheti cha Afrika Mashariki cha utendaji wa forodha na uondoshaji wa mizigo, kinachofundishwa na Chuo cha Kodi. Aliye katika hesabu apande ngazi za mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, mpaka CPA, yaani cheti cha juu cha uhasibu, maana hesabu zilizokaguliwa husainiwa na mtu aliyesajiliwa, na sheria haijamsajili roboti. Katibu muhtasi njia yake ni finyu zaidi, nami sitamdanganya: kuandika kwa kasi hakutamlinda tena, ila kujua nani aonane na bosi, lini, na faili lipi lisitoke kabatini bado ni kazi ya mtu.

Ukiwa na daftari na orodha ya makosa, mwendee mwajiri kabla hajashawishiwa na mwuzaji wa programu. Usiende kulalamika wala kuomba huruma. Mweleze ni saa ngapi kwa wiki zinaweza kuokolewa, ni wapi mashine imekosea, na pendekeza wewe uwe mkaguzi wa nyaraka zote zinazopita humo kabla hazijawasilishwa, kwa maandishi, ikiwezekana katika maelezo mapya ya kazi yako. Bosi mwenye pupa unaweza kumpa mfano wa Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, ambayo mapema mwaka 2024 ilitangaza kuwa msaidizi wake wa akili unde anafanya kazi ya wahudumu 700, na mwaka uliofuata mkurugenzi wake akakiri kuwa ubora wa huduma ulishuka, ikaanza tena kutafuta wahudumu wa kibinadamu.

Walio vyuoni wana tabu yao, kwa kuwa shughuli zinazoondoka kwanza ndizo zilizokuwa zikimfundisha kazi mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Ukipelekwa ofisini na ukaona ankara zote zinasomwa na mashine, omba uzisome nawe kwa mkono pembeni, kisha mlinganishe.

Hata hivyo, yapo mazingira ambamo mwajiri amekwishaamua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inayataja mahitaji ya kiteknolojia miongoni mwa sababu za kiuendeshaji zinazoweza kumfanya mwajiri apunguze watu, kwa hiyo usipoteze nguvu kubishania kama anaruhusiwa. Bishania utaratibu. Kifungu cha 38 kinamtaka atoe taarifa ya kusudio lake mapema, atoe maelezo yanayohusika, na ashauriane kabla ya kupunguza kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza athari, vigezo vya kuwachagua wanaoondoka, wakati, na malipo. Daftari lako lina kazi hapa pia, kwa sababu katika mashauriano utaweza kuonyesha shughuli ambazo mashine haifanyi na nani atazifanya ukiondoka. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au mshahara badala yake. Aliyetumikia miezi 12 mfululizo au zaidi anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mpaka miaka kumi. Ukipewa kazi nyingine inayofaa ukaikataa bila sababu ya msingi, haki hiyo ya kiinua mgongo unaweza kuipoteza.

Ukiombwa kwa upole uandike barua ya kujiuzulu “ili mambo yaishe kistaarabu”, usiiandike, kwa kuwa kiinua mgongo hicho humfuata aliyeachishwa na mwajiri. Mwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja atunze mikataba yote ya nyuma, maana aliyekuwa akiongezewa kila mwaka kiasi cha kuwa na matarajio ya haki ya kuongezewa tena anaweza kudai kuwa ameachishwa. Dai la kuachishwa isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, zinazohesabiwa kuanzia tarehe ya kuachishwa au tarehe mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Kwa hiyo barua ukiipokea, andika juu yake siku uliyoipokea, toa nakala, na ombi la malipo yako litume kwa maandishi huku siku hizo zikihesabika. Waajiri wengine hukuzungusha kwa ahadi za wiki ijayo mpaka siku ya thelathini na moja.