Jezi ikukae: kuchagua, kurekebisha na kutunza jezi ya timu yako huku kwetu Mbeya

Wiki ya mechi ya nyumbani naijua kwa kazi zinazoingia kibandani. Mimi ni fundi cherehani, nipo Mwanjelwa, na siku za kawaida naletewa sare za shule, vitenge na suruali za kupunguza urefu. Mbeya City ikiwa na mchezo uwanja wa Sokoine, kuanzia Jumatano watu wanakuja na jezi zimekunjwa kwapani. "Dada fundi, hii inanipwaya." "Dada, hii inanibana kwapa, nikinyanyua mikono inapanda mpaka kitovuni." Nashona huku nawasikiliza, na nimejifunza kwamba wengi wanaipenda timu kuliko wanavyoijua jezi. Wananunua haraka, wanavaa mara mbili, maandishi yanabanduka, basi jezi inageuka ya kulalia. Inaniuma, kwa sababu jezi ikitunzwa inakaa miaka.

Anza na timu. Kwetu huku mtu mmoja huwa na mapenzi mawili: ana Simba yake au Yanga yake ya tangu utoto, halafu ana ya nyumbani, iwe City au Tanzania Prisons, na Iringa wapo wa Lipuli. Mimi ni binti wa Tukuyu. Baba alitukuza na habari za Tukuyu Stars, Banyambala, walivyochukua ubingwa wa Bara mwaka 1986, timu ya milimani kwetu Rungwe. Nilipohamia mjini, City ikapanda ligi kuu na msimu wake wa kwanza, 2013/14, ikamaliza nafasi ya tatu. Mji mzima ulikuwa zambarau. Hapo ndipo nilipoipata timu yangu mwenyewe, isiyo ya kurithi kwa baba. Kwa hiyo nikiulizwa ninunue jezi gani, najibu: nunua ya timu ambayo ikifungwa unakosa hamu ya chakula. Ukivaa kwa sababu rangi inapendeza tu, utakutana na mtu wa kukuuliza habari za timu, na hutakuwa na la kumjibu.

Ukiwa na timu mbili, uwe na jezi mbili, kila moja na siku yake. Skafu nyekundu ya Simba juu ya jezi ya zambarau inawavunja moyo watu wa pande zote, na rangi zenyewe zinagombana.

Kununua

Ukiweza, nunua kwa klabu au kwa wakala wake, maana pale sehemu ya fedha yako inarudi kwa timu. Timu za mikoani hazina wadhamini wa kumwaga. Lakini simdharau mwenye kopi. Wapo wateja wangu wenye kipato kidogo waliovaa kopi na wakapanda basi kuifuata timu mikoani, na mapenzi yao nayaamini. Ninachotaka ni usiuziwe kopi kwa bei ya orijino.

Mimi jezi naigeuza ndani nje kabla ya kuitazama mbele. Mshono wa ndani ndio unaosema kweli: uwe umepigwa overloki sawasawa, usiwe na nyuzi zinazoning'inia, na pale shingoni pawe na utepe uliofunika mshono. Halafu nembo. Ikunje jezi katikati, bega kwa bega, uone kama nembo ya kushoto imekaa wima au imelala. Vuta kidogo kitambaa penye maandishi: rangi iliyoingia ndani ya kitambaa haipasuki, ila yale ya kubandika kwa gundi mbaya yanaonesha nyufa hapohapo mbele ya muuzaji. Mwisho inuse. Harufu kali ya gundi ni dalili kwamba maandishi hayatakaa sana.

Kukaa mwilini

Hapa ndipo kwenye kazi yangu, nivumilie nikirefusha.

Kipimo cha kwanza ni bega. Mshono wa bega uishie kwenye kile kifupa cha mwisho. Ukishuka vidole viwili si neno, jezi nyingi zimekatwa hivyo. Ukishuka vinne, iache dukani, kwa sababu kurekebisha bega ni kuifumua jezi nzima na michirizi ya mikononi haitakutana tena. Ubavu, kiuno, urefu na upana wa mkono, hayo yote yanarekebishika.

Akina mama na akina dada wanapata shida zaidi, maana jezi nyingi zinazofika sokoni zimekatwa kiume. Chagua kwa kifua. Ikikukaa vizuri kifuani, lete kwa fundi abane ubavuni kuanzia chini kidogo ya kwapa mpaka kiunoni, halafu aachie tena kwenye nyonga. Mimi naivalisha jezi ndani nje kwa mwenyewe, nabana kwa pini kila upande, namwambia ainue mikono juu kama vile goli limeingia. Ikipanda sana, nalegeza. Sishoni kabla hajashangilia mara mbili tatu pale kibandani, na wapita njia wanaturudishia shangwe.

Mwambie fundi wako mambo matatu. Atumie sindano ya ncha ya mviringo, ile ya vitambaa vya kuvutika, kwa sababu sindano ya kawaida inakata nyuzi, na baada ya kufua mara chache unaona vitundu vimejipanga kama njia ya siafu. Asikivute kitambaa kinapopita chini ya mguu wa cherehani, la sivyo mshono utatoka mawimbi. Na asikate kitambaa chote kinachozidi, aache ndani sentimita mbili. Mwili unabadilika.

Ya mtoto nunua kubwa namba moja, pindo la chini lipindwe kwa mkono kwa mishono mirefu. Mwakani unafumua tu.

Baridi yetu

Mtu wa Dar es Salaam anavaa jezi na bukta, anatoka. Sisi mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai asubuhi maneno yanatoka na moshi mdomoni. Jezi ni poliesta nyepesi yenye vitundu, imetengenezwa ili mchezaji apoe. Ukiivaa peke yake Sokoine mechi ya saa kumi jioni, kipindi cha pili upepo unaposhuka kutoka Loleza utajikunyata badala ya kushangilia. Wengi wanachofanya ni kuvaa koti juu, wakafunga zipu mpaka kidevuni. Sasa jezi umeivaa kwa ajili ya nani?

Fanya hivi. Ndani vaa fulana ya pamba inayobana. Juu yake sweta jembamba la shingo ya duara, la rangi moja, nyeupe, kijivu au nyeusi. Kisha jezi juu ya vyote. Kwa hiyo kama unanunua jezi ya msimu wa baridi, chukua kubwa namba moja kuliko kawaida yako, na uende kuijaribu ukiwa na sweta lako. Mikono ya sweta ikitokeza chini ya mikono mifupi ya jezi inapendeza kabisa, huku kwetu ni vazi linaloeleweka.

Skafu nayo kwetu ina kazi ya kweli. Wale mafundi wanaofuma masweta ya shule kwa mashine wanaweza kukufumia ya rangi za timu yako. Waombe mistari mipana, isiyozidi rangi mbili, na urefu wa kuzunguka shingo mara moja na ncha zifike kiunoni. Nembo usiwaombe, hiyo ni mali ya klabu. Rangi zinatosha, watu watakujua.

Ukiteremka Kyela kwenye joto, sahau yote niliyoandika hapa kuhusu baridi. Kule vaa jezi peke yake, na maji ya kunywa ubebe.

Jina la mgongoni

Jina la mchezaji sishauri. Huku wachezaji wanahama kila dirisha la usajili, na mwakani utakuwa umembeba mgongoni mtu aliyekufunga. Weka jina lako, la ukoo, la kijiji chako, au namba peke yake yenye maana kwako.

Mimi niliandikisha BINTI TUKUYU. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nikampa kijana wa duka moja la uchapaji, nikaenda kununua uzi. Narudi, nakuta BINTI TUKUYI. Herufi moja. Akataka kuibandua kwa pasi, na kwa haraka nikakubali, ndilo kosa langu. Herufi ikatoka, lakini pale ilipokuwa pakabaki kivuli cha gundi chenye kung'aa, na kitambaa kikakunyaa kidogo kwa moto. Nililia, sioni haya kusema. Nilikaa nayo wiki mbili kabla ya kupata la kufanya: nilikata kipande cha kitenge cheupe chenye maua ya zambarau, nikakipinda kingo zote, nikakishona juu ya neno zima, halafu nikalitarizi TUKUYU kwa mkono. Sasa ndiyo jezi ninayoulizwa kuliko zote. Ila wewe usipitie njia hiyo. Andika jina, msomee anayechapa herufi moja moja, mwambie azipange juu ya jezi kabla ya kushusha mashine ya moto, upige picha kwa simu, uisome mwenyewe. Ndipo useme "haya".

Kufua

Maji ya baridi. Igeuze ndani nje. Sabuni kidogo, usitie jiki hata kama ni nyeupe. Usiikamue kwa kuizungusha kama dekio, ibonyeze tu maji yatoke. Anika kivulini, kwa hanga. Jua letu la mwezi wa Septemba ni kali ingawa hewa ina ubaridi, na zambarau ni rangi inayokimbia upesi, utaona mabega yamepauka kabla ya kifua. Ikikaukia kwenye hanga haihitaji pasi. Ukilazimika kupiga pasi, na hasa kama unatumia ya mkaa ambayo haina kipimo cha moto, tandika kanga juu ya jezi na upitishe haraka, penye maandishi usiguse.

Mafuta ya chipsi yakidondoka, paka sabuni ya mche papo hapo. Yakilala usiku mmoja yameshahamia.

Mahali na siku

Jezi inakwenda na jinzi, inakwenda na sketi ya kitenge. Mimi Jumamosi navaa ya City na kitenge chenye zambarau ndani yake, kilemba cha rangi moja, basi. Kitu kimoja kiseme kwa sauti, vingine viitikie.

Msibani usiende nayo. Kwetu Unyakyusa msiba una heshima yake, mama anajifunga kitenge na kanga, baba anavaa koti. Nimeona pengine marehemu alikuwa mshabiki mwenzao na wenzake wakakubaliana wavae jezi kumsindikiza, hilo ni jambo la kuafikiana na wafiwa kwanza.

Msimu wa uchaguzi nao uwe makini. Kijani na njano za Yanga ni rangi za CCM pia, na zambarau hutumiwa na ACT-Wazalendo. Siku hizo nahakikisha nembo ya timu iko wazi kifuani, skafu isiifunike, maana rangi peke yake inaweza kukuingiza kwenye mazungumzo usiyoyatafuta.

Na siku ya kufungwa vaa. Mwaka 2023 City iliposhuka daraja, asubuhi yake nilisimama mbele ya kabati muda mrefu. Nikaitoa jezi, nikavaa na sweta la kijivu ndani, nikafungua kibanda. Vijana wa bajaji walinitania, nikawaacha. Kama saa nne hivi akaja mzee mmoja mteja wangu, naye amevaa yake, kwapa limefumuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nishonee hapa, lakini uwe uzi wa zambarau. Usiniwekee mweusi."

Nilikuwa na kibiringo kimoja kimebaki. Nikamshonea akiwa ameivaa vilevile, mkono ameuinua juu, na hatukuizungumzia mechi. Tangu siku hiyo uzi wa zambarau siachi uishe kibandani, na timu ilipopanda tena mwaka 2025 niliumaliza wote kwa wiki moja.