Kuuza sarafu za zamani kwenye show: piga hesabu kabla ulipie meza

Watu huniuliza sana kama kuuza sarafu za zamani kwenye show kunalipa. Kunalipa, lakini ni kwa yule amepiga hesabu kabla ya kulipia meza, sio yule anangoja jioni ya siku ya mwisho akiwa ameshika bunda la noti akidhani zote ni zake. Hiyo pesa iko mkononi ni mauzo tu, faida ni kitu kingine kabisa na mara nyingi ni kidogo kuliko vile watu hufikiria.

Kwanza ujue unaenda kuuzia nani. Huko Marekani kuna show za sarafu peke yake, kama ile ya FUN pale Florida kila Januari, na huko wauzaji wengi wakubwa wanauziana wao kwa wao hata kabla wananchi hawajafunguliwa mlango, so mtu anaweza kurudisha pesa ya meza, hoteli na ndege bila kumuuzia mgeni hata mmoja. Sisi huku Kisumu, Nakuru, Kakamega na Kitale tunauza kwenye kona ya show ya kilimo ya ASK ama siku za utamaduni, na mtu anayepita mbele ya meza yako amekuja kuona ng'ombe na kulisha watoto chipsi. Hakuja kutafuta koini. Kwa hivyo usibebe stoku kama mtu anaenda Florida.

Sasa hesabu. Hizi namba ni za mfano, wewe weka zako. Tuseme unatoka Kisumu kwenda kuuza Nakuru siku tatu. Stendi mmegawana na mwenzako, nusu yako ni 5,000. Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na mzigo 2,500. Chumba cha kulala siku tatu kwa 1,200, hiyo ni 3,600. Chakula 600 kwa siku, 1,800. Kijana wa kukusaidia pale 700 kwa siku, 2,100. Kukodi meza na viti 1,000, alafu vikadi, pakiti, kitambaa cheusi na taa 1,000. Jumla ni 17,000 na bado hujauza hata ndururu.

Umeuza vizuri, umepata 40,000. Lakini hizo koini ulizinunua 22,000, so kilichobaki ni 18,000, toa gharama 17,000, umebaki na thao moja kwa siku tatu za kusimama, bila kuhesabu siku ya kupanga na siku ya kusafiri. Ukiangalia hapo, kila mia ukiuza 55 ni ya stoku na 45 ndio inalipia safari, kwa hivyo chukua 17,000 ugawe kwa 0.45 utapata karibu 37,800. Hapo ndio unaanza kula, chini ya hapo unalipia watu wa Nakuru waangalie sarafu. Hii hesabu ya kugawa ndio muhimu kuliko zote, ifanye na gharama zako na asilimia yako kabla utume hiyo pesa ya stendi.

Sasa chukua show ya hapa nyumbani Kisumu. Stendi 5,000 ile ile, kijana 2,100, meza 1,000, vifaa 1,000, boda 600, lunch 900, jumla 10,600. Ukiuza 30,000 tu, yaani 10,000 chini ya Nakuru, inabaki 13,500 ukitoa stoku, na mfukoni 2,900. Umeuza kidogo na umepata karibu mara tatu. Ndio maana mimi husema mtu anayeanza auze karibu na kitanda chake, safari za mbali zingoje hadi uwe na kastoma huko wenye unajua kwa majina na wamekuambia mapema wanatafuta nini.

Kwa meza, zile zinasonga ni za bei ndogo. Senti za shimo za kikoloni, ndururu, otonglo, na sumuni, zipange kwa pakiti moja na karatasi ndogo ya kueleza ni za mwaka gani na mfalme gani alikuwa, mzazi atanunulia mtoto bila kufikiria sana. Shilingi za Mzee Kenyatta za kuanzia 1966, za Moi, na ile 40 bob ya Kibaki ya 2003 ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, hiyo bado watu wanaiuliza. Noti ya zamani ya 1,000 nayo iliacha kuwa pesa halali baada ya 30 Septemba 2019, so unaiuza kama kumbukumbu tu na umwambie mnunuzi hivyo kwa mdomo, asije akadhani kuna benki itambadilishia.

Shilingi ya Afrika Mashariki, ile ya simba mbele ya milima, ndio watu wanapoteza pesa kwa kutojua. Za 1921 hadi 1946 zina fedha robo, asilimia 25. Za kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, hazina fedha hata kidogo, na uzito ni karibu ule ule wa gramu 7.8, so mizani haitakusaidia hapo, soma mwaka. Ile ya fedha ikichakaa inakuwa na rangi fulani ya manjano hafifu kwenye sehemu zilizoinuka, mgongo wa simba na pua ya mfalme, na hii nyingine inabaki kijivu kila mahali. Fedha yenyewe ndani ni karibu gramu 1.95, zidisha na bei ya gramu ya siku hiyo upate sakafu yako, yaani bei ya chini kabisa, lakini usitarajie sonara akupe hiyo yote kwa sababu kuitoa kwa huo mchanganyiko ni kazi.

Alafu kuna hii mambo ya mamilioni. Utakaa kwa meza na mzee atakuja amefunga kitu kwa leso, afungue pole pole, ni senti kumi ya 1936 yenye jina la Edward wa 8.

"Kijana, huyu si ni yule mfalme alikaa mwaka mmoja akaacha kiti? Nimeambiwa hii ni mamilioni."

"Baba, mfalme ni yeye kweli, na hata mwaka hakumaliza. Lakini hizi zilitengenezwa nyingi sana, niko na zingine hapa kwa boksi, ona."

Mwonyeshe. Usimcheke na usimdanganye. Hizo stori za koini ya mamilioni zinasambazwa na watu ambao baadaye wanaitisha pesa ya kujisajili ndio wakuunganishe na mnunuzi, na mzee anaweza kutuma pesa ya dawa. Mwambie wazi mnunuzi wa kweli hakuitishi pesa kwanza. Mimi naona hii ni sehemu ya kazi yetu kabisa, kwa sababu huyo mzee akirudi kijijini ndiye atasema wewe ni mtu wa aina gani.

Na huyo mzee ndiye anatupeleka mahali faida iko. Ukiniuliza, faida kubwa ya show iko kwa kununua. Kuuza kunalipia meza tu. Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwisho wa 1901, na pesa iliyokuwa ikitembea huku ilikuwa rupia hadi 1920, so kuna makopo kwa boma nyingi huku ambayo hayajafunguliwa tangu dani, yaani nyanya, azikwe. Weka kibao kikubwa kwa meza, TUNANUNUA SARAFU ZA ZAMANI, LETA TUANGALIE BURE. Tenga pesa ya kununua mapema na usiichanganye na ya mauzo. Mimi kwa zile za kawaida hulipa karibu nusu ya bei nitauza, kwa sababu zitakaa kwa boksi muda mrefu. Ikiwa ni nzuri na tayari najua nani anaitaka nafika hata asilimia 70 ama 80, faida ni ndogo lakini inarudi haraka. Bei ziangalie kwa simu mbele ya huyo anayekuuzia, tumia Numista, ile katalogi ya sarafu ya mtandaoni, kujua ni gani, alafu kwa eBay chagua zile zimeuzwa tayari, achana na bei watu wanaitisha, mtu anaweza kuitisha chochote.

Hapo kwa kununua kuna mpaka wa sheria. Sheria ya makavazi na turathi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa ama kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, na biashara ya vitu vya kale inataka leseni, kuvitoa nje ya nchi pia ni kwa kibali. Zile sarafu za pice za Mombasa za 1888 na anna za 1890 za kampuni ya Waingereza ziko ndani hapo moja kwa moja. Rupia ya Malkia Victoria yenye mwaka wa kabla ya 1895 pia itenge kando, uende Kisumu Museum uulize kabla uiwekee bei. Kibali cha biashara cha kaunti nacho uliza wenye show kama stendi inakufunika ama unahitaji chako, hiyo ni gharama pia.

Usisafishe koini. Jivu, ndimu, steel wool, Brasso, hapana. Inua koini chini ya taa uigeuze pole pole, ukiona mikwaruzo midogo yote inaelekea upande mmoja hiyo ilisuguliwa, na mkusanyaji akiiona atakata bei ama ataiacha. Na huku karibu na ziwa hewa ina maji, weka zile pakiti ndogo za kukausha zinakuja kwa boksi la viatu ndani ya kila kopo, na usiweke koini kwa plastiki laini yenye harufu, inazigeuza kijani.

Kwa meza toa koini moja moja, irudi ndio utoe nyingine. Za bei kubwa ziwe chini ya kioo. Mtu akilipa kwa simu ngoja meseji iingie kwa simu yako, usisome ya kwake, na makato ya kutoa pesa yaandike kama gharama.

Jioni ya kila siku andika kitabu hata kama miguu inauma: umeuza nini, ulikinunua ngapi, umenunua nini, ni kitu gani watu waliuliza na hukuwa nacho. Wale walisema "niko na kopo la shosho nyumbani nitaleta" na hawakurudi, chukua namba zao hapo hapo, na uwapigie wiki hiyo hiyo kabla wasahau, uulize kama unaweza kuwatembelea Jumapili baada ya kanisa.